Lita Kumi za Kigombe

Chiku alisema aliliona kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa. Alikwenda Kigombe msibani, mumewe kafiwa na shangazi, na wanawake walipotoka uani kuaga akaliona gari la Suleimani limeegeshwa mlangoni kwa Huwaida. Lilelile jeupe, lenye mlango mmoja uliopakwa rangi isiyofanana na mwili. Saa saba za mchana. Na Suleimani mwenyewe, alivyosema Chiku, alikuwa kakaa barazani, viatu kavua, miguu kainyoosha, na mbele yake sahani imefunikwa kawa.

"Tena kawa jipya, shoga yangu. La rangi tatu." Chiku alisimamisha vidole vitatu, ili rangi zisije zikapungua. "Mie nimezaa na mume wangu watoto watano, na chakula chake nakifunika kwa sinia lililopasuka ukingo."

Mboni, mke wa Suleimani, alikuwa ameinamia kinu, anatwanga kunde za bagia. Hakuinua uso.

"Dereva naye ana tumbo," alisema.

"Sijasema kala. Nimesema nimeona." Chiku akajisogeza na kibao chake. "Mwanamke kaachika, mzuri, nywele ndefu, ana hela yake ya kamba na pweza, hana mtoto wa kumlilia. Mwanamume gani atakwenda pale siku tatu kwa wiki, kubeba maboksi ya barafu tu?"

Mchi ukapanda, ukashuka.

"Lilikaa muda gani?" Mboni akauliza.

"Nini?"

"Gari."

"Tumeaga, tumengoja pikipiki, tumeondoka. Lipo."

Chiku akanyanyuka, akachukua bagia nne za kuonja, akaenda zake. Mboni alibaki na mchi mkononi. Kunde zilikwisha lainika zamani, naye akaendelea kuzitwanga.

Pale mtaani kwao Mabawa watu walimjua Mboni kwa upole. Hapayuki, hagombani kwenye foleni ya maji, akitukanwa hutazama tu. Lakini mpole si kipofu, na kwa miezi miwili kulikuwa na jambo lililomkaa kooni, hata Chiku hakumwambia. Jambo lenyewe ni mafuta.

Zamani Suleimani alikuwa akitia lita kumi za petroli asubuhi. Anakwenda Kigombe, anamchukua Huwaida na mzigo wake, anamfikisha kwa wateja wake mjini Tanga, na Huwaida jioni hurudi kwao na jamaa zake. Mafuta yanabaki, Suleimani anabebea abiria mpaka magharibi. Sasa lita kumi hizohizo, safari ileile ya Kigombe, alasiri haijaadhiniwa taa ya njano imekwisha waka. Ukimuuliza anasema, "Gari linakula mafuta."

Mboni aliyatafuna maneno hayo kama mtu aliyekutana na mchanga kwenye wali. Gari la mwaka jana ndilo la mwaka huu. Barabara ndiyo ileile. Nyumbani walikuwa wanakula samaki, sasa wanakula dagaa. Viatu vya shule vya Zuwena, mtoto wao, vilishonwa mara ya tatu. Petroli iliyokuwa inalisha watu watatu ilikuwa inaungua mahali. Wapi?

Sasa Chiku kamwonyesha mahali penyewe, na rangi zake tatu.

*

Mboni aliishia darasa la saba, lakini kutoa na kujumlisha hakutaki cheti. Alfajiri, Suleimani akishakwenda msikitini, yeye huchukua ufunguo kwenye msumari, hufungua gari, huinama mbele ya usukani na kusoma saa ya kilomita, ile yenye tarakimu zinazozunguka. Huandika kwenye karatasi aliyoichana katikati ya daftari la Zuwena, huikunja, huificha chini ya pakacha la kunde. Pembeni yake huandika lita, maana lita Suleimani huzitaja mwenyewe akilalamika.

Jumatatu kilomita sabini na tisa. Jumatano themanini na moja. Ijumaa themanini.

Akamsimamisha Badru, dereva mwenziwe Suleimani wa kijiwe kimoja, akamuuliza kama anayepiga soga, "Hivi Kigombe ni mbali, shemeji?"

"Kwenda na kurudi? Sabini. Na ukizunguka zunguka mjini, themanini. Unataka kwenda?"

"Nauliza tu."

Kwa hiyo hesabu ilimsafisha Suleimani. Hakuna kilomita iliyopotea njiani, hakuna aliyepelekwa Pangani kutembezwa. Mtu mwingine angeichana ile karatasi akalala. Mboni moyo wake ukayakataa majibu, na siku ya pili akamuuliza Chiku, kwa kuzunguka, kama saa ya gari inaweza kudanganya.

"Wee! Wanachomoa waya, mwanangu, saa inalala. Anakwenda anakotaka, akirudi anauchomeka."

Basi hesabu ikawa haina maana tena, na Mboni akaendelea kuiandika vilevile.

Siku za Jumamosi alikuwa akiliosha gari. Aliona mdomo wa bomba la moshi umeganda masizi, meusi, makavu, kama chungu cha shughuli. Akaufuta kwa tambara. Alisikia na harufu kali ya petroli pale nyuma, akageuza pua. Hakuwa akitafuta masizi wala harufu. Alikuwa akitafuta unywele.

*

Ijumaa moja Suleimani alipitia nyumbani kuchukua kanzu ya kuswalia, na Huwaida alikuwemo garini pamoja na maboksi yake. Akaona si adabu kukaa nje ya nyumba ya watu bila kutoa salamu. Akashuka, mrefu, baibui limemkaa, mkononi mfuko.

Mlangoni palikuwa na wanawake wanne wanaonunua bagia, na Chiku wa tano, anayeonja.

"Asalaam aleikum. Mama Zuwena, hujambo? Nimekuletea kamba, wa leo."

"Kamba wa nini?" Mboni akasema.

"Wa kula tu, dada yangu. Mzee wetu tunamsumbua kila siku, nikasema..."

"Mnamsumbua." Mboni alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na mafuta yake mnayafanyaje? Maana lita kumi zinakwishia mlangoni kwako. Unayanywa?"

Mwanamke mmoja akacheka, wa pili akamfuata. Kicheko hicho kikampa Mboni nguvu asiyokuwa nayo.

"Unamvulisha viatu, unamfunikia sahani kwa kawa la rangi tatu, na sisi hapa tunafunika kwa sinia na kulamba mchuzi wa dagaa. Kama unamtaka mume wangu toka hadharani, bibi we, njoo na barua ya posa. Usije na kamba!"

Hapo walicheka wote. Suleimani alikuwa ametokeza mlangoni, kanzu begani, kasimama kama aliyesahau njia.

Huwaida hakupandisha sauti. "Mashua zikichelewa anangoja, na kwetu anayefika saa ya chakula anakula. Afike mumeo, afike muuza maji. Hilo kawa nimelisuka mwenyewe. Mama yangu angenifundisha kufunika kwa sinia, ningefunika kwa sinia."

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha Mboni. Chiku alitazama chini.

Huwaida akauweka mfuko kizingitini, akarudi garini, akatoa simu. Haikupita robo saa, gari la Badru likafika. Maboksi yakahamishwa moja moja kutoka gari hili kwenda lile, juani, macho ya mtaa mzima yakiwa pale, na Suleimani mwenyewe ndiye aliyesaidia kuyabeba. La mwisho lilipoingia, Huwaida akampa nauli yake kamili. "Jumatatu usije, kaka. Nikuhurumie na mafuta yako."

Ule mfuko ulishinda kizingitini. Barafu iliyeyuka, maji yakatambaa mpaka uani. Jioni Zuwena akauliza, "Mama, wale kamba wanapikwa?"

Walipikwa. Hapakuwa na kingine.

*

Siku mbili Suleimani hakusema na mkewe ila salamu. Siku ya tatu asubuhi akamwambia, "Panda gari."

"Twende wapi?"

"Kwa fundi. Nimebadilisha plagi mara mbili, ugonjwa uko palepale. Unataka kujua mafuta yanakokwenda, na mimi nataka. Basi ukae, uone mwenyewe, maana macho yangu huyaamini."

Fundi Nehemia alikuwa mtu wa milimani, wa huko Amani, mrefu wa maneno na mfupi wa kimo. Gereji yake ni paa la mabati na mafuta machafu chini. Alifungua boneti, hakugusa kitu. Akauliza kwanza.

"Lita ngapi kwa kilomita ngapi?"

"Lita kumi zinakwisha."

"Zinakwisha ukiwa umetembea kilomita ngapi, kaka? Nyote mnakuja hapa, gari linakula, gari linakula. Linakula kiasi gani? Mgonjwa hupimwa."

Suleimani akajikuna shingo. Nyuma yake Mboni aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ninazo," alisema.

Nehemia akaifungua karatasi juu ya rejeta, akaisoma mstari kwa mstari. Suleimani aliisoma naye, juu ya bega lake. Aliyafahamu yale maandishi, akafahamu na kilichokuwa kikifanyika alfajiri, yeye akiwa msikitini.

"Umeanza lini kuandika?" akamuuliza mkewe, kwa sauti ndogo.

"Mwezi na siku tatu."

"Shemeji!" Nehemia alicheka mpaka akaegemea gari. "Tangu nishike spana hakuna dereva aliyewahi kuniletea kitu kama hiki. Wazo hili umelitoa wapi?"

Mume na mke waliitazama injini. Nehemia akakohoa kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

"Themanini kwa lita kumi. Nane kwa lita moja. Gari hili na uzee wake wote linatakiwa liende kumi na mbili. Kaka hakudanganyi, shemeji. Linakula."

Akalipandisha jeki, akazungusha tairi moja moja kwa mkono, kuona kama breki zimeshika. Zilizunguka bila kusita. Akatoa chujio la hewa, akalikung'uta, vumbi likatoka la kadiri. "Huyu kibaka tu, siyo mwizi wetu." Akafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi ti, kavu, masizi yakimwachia alama vidoleni. "Petroli inaingia nyingi kuliko inayoungua. Sasa kwa nini inaingia nyingi?"

Wakaenda mpaka Pongwe na kurudi, Nehemia akiwa kwenye usukani, Suleimani pembeni, Mboni nyuma. Wanaume walisikiliza mngurumo. Mboni alitazama dashibodi, maana kwa mwezi mzima ndicho kitu alichokitazama kuliko uso wa mumewe.

"Fundi, ule mshale," akasema walipokuwa wanarudi.

"Upi?"

"Wa joto. Zamani ulikuwa unasimama katikati. Leo tumekwenda na tumerudi, umelala tu."

Nehemia alitazama mshale, akamtazama Mboni kwenye kioo, akaongeza mwendo mpaka gereji.

Wakaliacha gari lipoe kabisa. Kisha akaliwasha, akamwita Mboni, akamwekea mkono kwenye mpira mnene wa juu unaoingia kwenye rejeta. Mpira ukaanza kupata uvuguvugu palepale.

"Unausikia? Huu ulitakiwa ubaki baridi kwanza. Maji yanafungiwa ndani, injini ipate joto lake, ndipo mlango ufunguke yapite. Hapa mlango uko wazi tangu mwanzo." Akazima gari, akafungua boliti mbili, akainua kifuniko. Akatia kidole ndani, akakizungusha. "Nyumba ipo, mwenye nyumba kahama. Hapa pana thamostati, kidude kidogo hivi. Imetolewa. Injini inashinda na baridi kutwa, na yenyewe ikihisi baridi inajiongezea petroli. Nani kaitoa?"

Mboni akakumbuka. Ilikuwa siku tatu baada ya Idi, wanatoka Muheza kwa mama yake, maji ya rejeta yakachemka njiani. Fundi wa kando ya barabara alikishika kile kidude kwa koleo na kusema hiki kimewekwa kwa ajili ya nchi za theluji, Tanga joto tunalo la kugawa. Kipya elfu thelathini na tano. Kukitoa bila kuweka kingine, elfu tano. Suleimani alisita. Na yeye Mboni, mtoto kamlalia mapajani, jua la utosi, ndiye aliyesema: "Toa, Baba Zuwena. Joto la nini tena sisi?"

Elfu tano alizitoa yeye, kwenye fundo la kanga.

"Nani kaitoa?" Nehemia akarudia.

"Fundi wa njiani," Suleimani akasema. Akamtazama mkewe mara moja tu. Mboni angependa amtukane.

Nehemia aliiziba rejeta palipokuwa panavuja, akafunga thamostati mpya. Mboni akailipa kwa hela ya bagia, na hakuna aliyemwomba.

*

Gari likapona. Mshale ukawa unapanda mpaka katikati na kukaa hapo kama mtu aliyepewa kiti. Lakini Kigombe hakukuwa na safari. Suleimani alishinda kijiweni, wa tisa au wa kumi kwenye foleni, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la Badru lilipita mbele yake limekalia matairi kwa uzito wa barafu. Badru alikuwa akipiga honi ya salamu. Suleimani alikuwa akiinua mkono.

Wiki mbili zikapita hivyo. Siku moja akarudi adhuhuri, akakaa juu ya kinu.

"Sasa gari halili," alisema. "Na sisi hatuli."

Mboni akaendelea kupeta kunde.

"Nenda Kigombe, Mama Zuwena."

"Nikamwambie nini?"

"Ile Ijumaa hukuniuliza cha kumwambia."

Wakaenda Jumatano asubuhi. Mboni alikaa kiti cha mbele, na miguu yake haikufika pale inapotakiwa kukanyaga. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma. Mtu mrefu huyo. Wiki mbili abiria wangapi wamekikalia, wanaume kwa wanawake, lakini Mboni alijua miguu iliyokirudisha. Akatafuta chuma chini ya kiti, akakivuta mbele kwa nguvu, mpaka magoti yakagusa dashibodi. Suleimani aliona, akatazama barabara.

Alisimamisha gari barabarani, kabla ya nyumba. "Mimi mlangoni pale sikanyagi tena. Wasije wakasema."

Mboni akatembea peke yake. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu amkute Huwaida ni mbaya kuliko anavyomkumbuka. Dua haikukubaliwa. Alimkuta uani kwenye kigoda, amejifunga kanga, mikono yenye hina imezama kwenye beseni la kamba, anachambua wakubwa boksi la kulia na wadogo boksi la kushoto. Nywele zilikuwa ndefu vilevile alivyosema Chiku.

"Karibu," Huwaida akasema, bila kuinuka. Akasukuma kigoda kingine kwa mguu.

Mboni hakukaa. "Nimekuja, Bi Huwaida."

"Nakuona."

"Gari lilikuwa bovu. Fundi kaona. Lilikosa kidude."

"Alhamdulillahi, kimepatikana."

"Basi nikajua siyo wewe."

"Mimi nilijua tangu siku ile." Kamba mkubwa akadondoka kulia. Mdogo kushoto.

"Niwie radhi, dada. Nilikuvunjia heshima mbele za watu."

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Hao watu," Huwaida akasema. "Waliocheka. Sioni hata mmoja uliyekuja naye."

Mboni alihisi masikio yanamwaka. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, kufukuzwa, hata kumwagiwa maji ya kamba. Hili hakulitarajia. Saa tatu ilikuwa inakaribia, saa ya Badru.

"Naomba urudi," akasema. "Panda gari la mume wangu kama zamani. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Sisi hatuna mteja mwingine, dada. Sasa lita kumi zinatosha, hutachelewa, halitazima njiani. Nakuomba mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Huwaida aliendelea kuchambua. Shingo yake iliinama, na jasho dogo lilikuwa likimtelemka nyuma ya sikio, na Mboni akaliona jinsi Suleimani anavyoweza kuliona, kwa karibu, kilomita thelathini na tano nzima. Akaung'ata mdomo. Neno likampita meno.

"Ila..."

"Ila nini?"

"Ukae kiti cha nyuma."

Mkono wa Huwaida ukasimama hewani na kamba mmoja, kati ya boksi la kulia na la kushoto. Akainua uso, akamtazama Mboni kuanzia ushungi mpaka ndala, na kutoka ndala mpaka ushungi, bila haraka. Huko nje Badru akapiga honi. Akangoja kidogo, akapiga tena.